Mvua ya Lumino

"Kwa hiyo fundi wako ni mkwe wako! Mkwe apande juu ya kichwa chako?"

Aboth alisimama upande wake wa ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ungo wa maharage ambayo aliacha kuyachambua tangu ugomvi uanze.

"Hatapanda nikiwa ndani," Teopista akajibu. "Nitatoka."

"Utatoka! Na kazi ataangalia nani? Kuku?"

Majirani waliokuwa wanafua walikuwa wameacha kufua ili wasikie vizuri.

"Mimi nakwambia kila siku, kuna Ochwo wa kwetu Kiyeyi. Twende Molo uone nyumba aliezeka miaka sita nyuma. Nakwenda siku ya mvua, nauliza mwenye nyumba, natazama juu. Fundi nachaguliwa hivyo."

"Ochwo simjui. Bwire ni baba wa mjukuu wangu. Ataniibia vipi?"

"Haya, mama. Mtoto wa watu ameoa kwako, sasa amekuwa malaika."

Paa la zamani lilikuwa limeoza kweli. Teopista alikuwa anasaga muhogo na mtama, anauza unga sokoni karibu na mpaka, na wateja wake wa upande wa Kenya hawana huruma: wanatia mkono ndani ya gunia, wananusa, na unga ukiwa na unyevu wanapita kama hawajakuona. Msimu mmoja zaidi chini ya kutu ile na biashara ingemfia mikononi. Kwa hiyo alikwenda dukani mwenyewe, akachagua mabati mazito ya geji ishirini na nane, akasimama pale mpaka la mwisho likapakiwa. Hapo hakukosea. Alikosea kumkabidhi mtu ambaye hakuruhusiwa kumtazama usoni.

Kwa Wasamia, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na mkwe kuwa juu ya kichwa cha mama mkwe ni aibu isiyosafishika. Siku nne alizokuwa Bwire juu ya nyumba, Teopista alikaa kwa Aboth, mgongo ameuelekeza nyumbani kwake, akisikiliza nyundo. Akiwa na neno, alimtuma Aboth. Bwire akijibu, Aboth alirudi na jibu, pamoja na nyongeza zake.

Kazi ikaisha. Paa likang'aa hadi wapita njia wakawa wanakinga macho.

Jumatatu iliyofuata, saa tano asubuhi, jua likiwa kali, maji yakaanza kudondoka juu ya magunia. Teopista akayasogeza, akatega sufuria. Akatoka, akatazama juu, hapakuwa na wingu. Akarudi kuchekecha unga. Saa sita na nusu maji yakakoma. Jioni shemeji wa Aboth akampigia Aboth simu kutoka Lumino, kijiji anakoishi Bwire, kwa mambo ya harusi, akataja kwamba huko mvua ilianza saa tano, ikakatika saa sita na nusu.

Ikawa hivyo. Mvua ikinyesha hapo Busia, nyumba ilikuwa kavu. Ikinyesha Lumino, ilivuja. Siku moja maji yakashuka na jani la mwarubaini, na Teopista akalitambua, maana mwarubaini ulio kwa Bwire ni yeye aliyempelekea bintiye Damalie mche wake. Akaliweka dirishani, likakauka.

Kabla ya mwezi kwisha, wanawake wanaouza mukene, dagaa wa ziwani, walikuwa wanapita kwake kila asubuhi, kwa sababu samaki wao huanikwa huko Lumino, karibu na ziwa.

"Mama, Lumino vipi leo?"

Teopista anatazama juu. "Bado kavu."

Wanashukuru, wanakaa, wanakunywa chai, wanasengenya. Nyumba haikukosa watu. Wateja wa unga ndio walipungua.

Aboth akamleta Ochwo. Ochwo akapanda, akagonga hapa na pale, akashuka akijipangusa vumbi.

"Bati hii geji thelathini na mbili," akasema. "Nyepesi kama karatasi. Lakini haina tundu. Maji natoka kwa bati zako zenyewe, pale ziko. Mimi siwezi ziba paa iko Lumino."

Akakunywa chai, akarudi kwao.

Mwenyekiti wa kijiji naye aliitwa. Alileta daftari. "Mvua ikinyesha hapa, nyumba inavuja?"

"Hapana."

"Basi haivuji," akasema, akaandika hivyo.

Ikabaki simu. Teopista akampigia Damalie.

"Mvua ikinyesha huko, mnalalaje?"

"Vizuri mno, mama. Hata tone. Baba Isaac ameezeka nyumba yetu upya, bati nzito hizo, hata mvua ya mawe unaisikia kwa mbali. Na Isaac hakohoi tena. Tangu azaliwe, huu ndio msimu wa kwanza hajakohoa."

Teopista akatazama paa lake. "Mungu ashukuriwe," akasema, kisha akaenda kusogeza magunia, kwa maana nyuma ya sauti ya Damalie alisikia ngurumo.

Jumapili moja, baada ya ibada, Bwire akaja kusalimia. Nyumba ilijaa majirani waliokuja kwa sababu walisikia anakuja. Teopista alikuwa nyuma ya pazia, kama ipasavyo. Bwire hajavuka kizingiti, Lumino ikaanza kunyesha. Maji yakapiga sakafu, mtu akasogeza kiti, mazungumzo yakaendelea. Bwire alitazama juu kwa utulivu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha akarudi kwenye bodaboda aliyojia, akafungua kamba, akaja na beseni kubwa la plastiki, jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Mwambie mama," akamwambia Aboth, "nimesikia sufuria hazitoshi. Nimemletea hili."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie."

Aboth akavuta pumzi. Alikuwa na maneno ya miezi mitatu, na watu wote walikuwa wamegeuza viti ili wasikose hata moja. Sauti ya Teopista ikamwahi kutoka nyuma ya pazia.

"Aboth, mwambie mkwe asisimame mlangoni. Kuku ameiva. Aingie ale. Aketi upande wa dirisha, huko ndiko kukavu."