Nuksi ya Wanu

Mimi nna hasira, sikatai. Malindi nzima, mtaa wetu hapa Unguja mjini, wananijua: Bi Kazija wa mdomo. Mwanangu Mcha alipooa Makunduchi akamleta Wanu nyumbani kwangu, hazikupita wiki mbili taa zikaanza kuchezacheza. Kila nikimgombeza huyu mkamwana, mara mchele una chuya, mara chumvi imezidi, taa zinafifia, zinawaka. Nikasema basi, huyu ana nuksi. "Mrejeshe kwao, Mcha, ama nihame mimi!" Mcha akakubali, machozi yanamlengalenga. Wanu akafunga kifurushi chake, akanibusu mkono, akaenda kwao kungoja talaka.

Kabla ya kuiandika, Mcha akamwita Msabah, fundi wa umeme. Lo, mtaratibu yule mpaka anakera! Akapima kila waya, hakuona kitu.

"Bi Kazija, ubovu huu unakuja na kwenda. Nikija mimi, haupo. Tuuwekee mlinzi."

Akatundika sanduku lenye karatasi inayozunguka na kalamu ya wino, inayochora nguvu ya umeme usiku na mchana. Umeme ukitulia, mstari umenyooka; ukishuka, kalamu nayo inashuka. "Taa ya ukumbini usiizime. Ikififia, andika saa, na ulikuwa ukifanya nini."

Nikaandika, kwa khati yangu ya chuo cha Kurani.

Siku ya nne akaja, akatandaza karatasi. Mstari umeshuka mara tatu. Na Wanu yuko Makunduchi! Uso ukaniwaka. Msabah akasoma niliyoandika, akajikuna kidevu.

"Bibi, ukishagombana na mtu, hufanya nini?"

"Naubamiza mlango. Nifanye nini tena?"

Akaenda kuubamiza mlango wa nje. Taa ikafifia. Kumbe waya umepita nyuma ya mwimo wa mlango, skrubu yake imelegea. Mlango ukitikisika, waya unaachia. Akaikaza, akaubamiza tena mara tatu. Taa tuli.

"Basi nuksi ni mimi," nikasema. Msabah ana adabu zake, akakusanya vifaa vyake.

Asubuhi nikapanda gari la Makunduchi, karatasi kwapani. Wanu akanipokea, "Shikamoo, mama," utadhani sikumkosea kitu. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi mbele ya mama yake mzazi. Akaitandaza karatasi mkekani, akaufuata mstari kwa kidole.

"Hapa ulimgombeza nani?"

"Muuza maziwa."

"Na hapa?"

"Muuza samaki. Alinipa changu wa juzi."

Kidole kikafika pale mstari uliposhuka kuliko kote. "Na hapa, saa kumi na moja jioni?"

"Hapo sikugombana na mtu, mwanangu. Nlikuita uje tunywe chai. Nikangoja uniitikie 'naam'. Kisha nikakumbuka nani aliyekufukuza, nikaubamiza mlango."

Wanu akaikunja karatasi taratibu, akamgeukia mama yake, akamwomba amletee buibui lake tuondoke.