Ubao wa Jana

Ndama wa tandala alikuwa amelala ubavu kwenye kokoto, chini kabisa ya kona ya tatu ya barabara, masikio makubwa kuliko uso. Mwenzangu Redio alivua kofia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Miaka sita imepita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ilikuwa getini: kuinua kizuizi magari yapande kutazama milima, na kuandika ubaoni kwa chaki wanyama walikoonekana. Sharti lilikuwa moja. Ubaoni huandikwa ya jana, ya leo kamwe. Msimu wa kuzaa, mama tandala humficha mwanawe majanini akaenda malishoni. Magari yakijua alipo leo, yatamzingira. Waliojua ya leo tulikuwa wawili tu: Redio, mfuata nyayo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na pa kuzimia, na mimi, niliyesifiwa kwa kunyamaza.

Asubuhi ile shemeji yangu, dereva wa watalii, aliteremka garini peke yake. Wageni wake siku ya tatu hiyo walikuwa wameona ukungu tu, na tajiri wake ameanza kumnunia. Alinitania kwanza: dada yako aliniambia ana mdogo mwenye macho ya mwewe, kumbe ni ya kulindia birika. Nikacheka. Nilipenda ionekane najua.

"Kona ya tatu, upande wa bonde," nikasema. "Ila upite tu, shemeji. Usisimame."

Alisimama. Na dereva akiona mwenzake kasimama, naye husimama. Ilipofika saa nne magari yalikuwa saba. Mama akakimbilia juu. Ndama akakurupuka majanini, akakimbilia upande usio na ardhi.

Mkuu wetu hakuuliza mengi. Alimtazama Redio, kama ambavyo mtu yeyote angemtazama. Nami nilikuwa nimekaa naye benchi moja, bega kwa bega. Nikajiambia nitasema mkuu akishatoka. Alipotoka, nikasema kesho. Jioni Redio akapewa barua ya kuhamia stoo ya vipuri mjini, asikoweza kuona hata ukwato wa mbuzi.

Kesho yake alikuja kuniaga, begi begani. Nikamtilia chai. Aliinywa kimya, yeye Redio, mpaka ikaisha.

"Mdogo wangu," alisema, "tangu jana najipekua. Sikumbuki kumwambia mtu. Lakini huu mdomo naujua mwenyewe. Huenda niliropoka, eti?"

Aliningoja, kwa sababu pale getini mimi ndiye niliyeaminika kukumbuka kila kitu.

"Huenda, kaka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanishukuru kwa chai.