Fundo la Kimbaumbau

Kimbaumbau aliiaga cherehani yake tangu asubuhi. Aliifuta, akaitia mafuta, akaipapasa, wenzake wakaangua kicheko: "Mwacheni, anaagana na mumewe!" Naye akacheka. Tangu atolewe msituni kwa waasi, kitoto chenye bunduki iliyomzidi urefu, hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye kituo hiki cha watoto waliotoka vitani kumwulizia. Leo mama yake mdogo, ndugu pekee aliyemsalia, alikuwa anakuja kumchukua.

Mama mdogo aliingia na gauni la mikono mirefu, joto lote lile. Akamshika kidevu.

"Macho ya dada yangu haya," alisema. "Kitanda nimeshakutandikia, mwanangu."

Kimbaumbau alilia mbele ya watu bila haya.

"Haya, machozi mtamalizia njiani," alisema mwalimu wa ushonaji, mama mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Fungasha, basi litawaacha!"

Akafungasha magauni aliyojishonea na mkasi wa zawadi. Akapitisha kamba, akaizungusha, akaikaza kwa goti, huku akimsimulia mama mdogo jinsi alivyoteseka kujifunza kutia kola. Mikono haina akili, jamani. Ilifunga ilivyozoea.

"Fundo hilo umejifunzia wapi?" mama mdogo aliuliza.

Angeweza kudanganya. Lakini kituoni walikuwa wamemfundisha kusema kweli.

"Kule msituni, mama."

Mama mdogo alipandisha mikono ya gauni. Makovu ya kamba yalikuwa yamemzunguka kama bangili, huku na huku.

"Alikuwa mtoto, dada yangu," mwalimu akadakia. "Walimlazimisha."

"Najua. Nimekuja nikijua. Hilo nimelisamehe." Hakumwondolea Kimbaumbau macho. "Lifungue."

Kimbaumbau akavuta ncha moja. Kamba nzima ikaanguka sakafuni, nguo zikatawanyika.



"Nyumba ilikuwa inawaka," mama mdogo alisema polepole. "Mwanangu, mdogo wako, yuko kando yangu, ananiita. Mikono yangu imefungwa, nikalitafuna fundo lake mpaka meno yakang'oka. Miaka yote hii nimejiambia lile fundo halifunguki. Hicho ndicho kilichokuwa kinanipa usingizi." Akaitazama kamba. "Kumbe ni kuvuta tu."

"Lazima ujue ncha ipi," alisema Kimbaumbau, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ulikuwepo?"

"Sijui, mama. Nyumba zilikuwa nyingi."

Mama mdogo alishusha mikono ya gauni, akafunga vifungo kimoja kimoja. Alimwomba mwalimu radhi kwa usumbufu, akatoka. Hakugeuka. Basi lilipopiga honi, Kimbaumbau alikuwa bado amesimama palepale, na wale waliomtania asubuhi wameinamia cherehani zao bila kushona.

"Kusanya nguo, mwanangu," mwalimu alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Zirudishe bwenini."

Kimbaumbau akapiga magoti, akazikusanya, akashika kamba. Fundo jingine hakulijua.