Kilo Nne za Odongo

Haya aliniambia Milka mwenyewe, mke wa kaka yangu, mwaka wa tisini na tatu, tukianua omena, dagaa wa ziwani, kabla mvua haijatufikia. Hakuanza na kifo. Alianza na kaptura ya turubai, ile waliyovalishwa watoto na kuning'inizwa kwenye mizani wapimwe uzito, miguu ikichungulia chini kama ya kuku anayepelekwa sokoni.

Alikuwa amezaa pacha: Apiyo, msichana, akatangulia, Odongo, mvulana, akafuata. Kwetu pacha hawatenganishwi. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili. Ukimbeba huyu, na yule abebwe, maana anayeachwa huingiwa na uchungu akaugua. Kwa hiyo watu wa utafiti walipofika kwetu Seme kupima watoto kila mwezi, Milka alikataa mmoja apandishwe peke yake.

Wanawake kwenye foleni wakamcheka. "Min Rude," wakamwita, kama tunavyomwita mama wa pacha, "hata chooni utawapeleka wote?"

"Nitawapeleka, na wewe utanishikia nguo zao."

Aliyepima alikuwa kijana wa upande wa Bungoma, Khaemba, mtu mpole. Akina mama walimwita Daktari ingawa yeye alikataa. Aliona afadhali kuheshimu mila yetu kuliko kubishana, akawaweka wote wawili ndani ya kaptura moja, kisha uzito akaugawa nusu kwa nusu, akauandika kwenye kadi zao. Kila mwezi nusu ile ilitoka nzuri.

"Macho yangu yalimwona Odongo anabaki nyuma," Milka aliniambia. "Lakini kadi ilisema yuko sawa na dada yake. Na watu walisema pacha lazima mmoja awe mdogo. Nikayanyamazisha macho."

Halafu mwezi mmoja kaptura ikafumuka mshono. Ikawa haiwezi kubeba wawili. Khaemba akamsihi Milka sana, mpaka akakubali, Odongo akatangulia. Mshale ukasimama kwenye nne.

Khaemba akamteremsha, akamrudisha. Nne.

Kila mtu pale alijua maana yake. Mtoto wa miezi saba mwenye kilo nne, gari la utafiti lilimchukua siku hiyo hiyo hadi hospitali ya Kombewa. Milka alikuwa ameanza kujifunga leso ya safari. Lakini Khaemba aliitazama mizani, akakumbuka kwamba jana yake ilianguka kutoka kwenye baiskeli. Akachutama mbele ya Milka, akaongea polepole ili amwelewe vizuri.

"Mama, mtoto hapotezi uzito wote huu halafu awe anacheka hivi. Vipimo vyote vya nyuma vinasema neno moja. Hiki kimoja ndicho kimepotea njia. Nikikiacha kitaharibu vingine."

"Sasa twende au tusiende?"

"Rudini nyumbani. Wiki ijayo nitaleta mizani nyingine."

Akaikata ile nne kwa mstari. Apiyo hakumpima, maana mizani hakuiamini tena. Milka akaifungua leso yake. "Nilifurahi, wifi," aliniambia, omena zikiwa mkononi. "Nilirudi nikiimba. Hicho ndicho hakinitoki."

Wiki haikuisha, kuhara kukaingia nyumbani. Apiyo alihara, akalegea, akapona. Odongo hakuwa na akiba mwilini.

Mimi nilifika kutoka kwangu Mamboleo wakati wamekwisha kumzika, jua likielekea ziwani. Kwa hiyo yaliyobaki sikuambiwa, niliyaona. Khaemba alikuja akisukuma baiskeli. Alileta pakiti ya unga wa ugali, kilo mbili, kama mtu yeyote anayekuja matangani. Alitupa pole mmoja mmoja. Kisha akabaki amesimama na ile pakiti, haiweki chini. Tukamwona anatoa mizani kwenye mfuko wake, ile ile iliyoanguka, anaifunga kwenye boriti ya paa la jiko na kuning'iniza unga.

Mshale ukasimama kwenye mbili.

Akachukua pakiti nyingine kati ya zile walizoleta majirani. Mbili. Hakuna aliyemzuia.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mizani haikuwa na kosa. Miezi yote hiyo dada yake ndiye aliyekuwa akimbeba kwenye hesabu yangu."

Milka alikuwa amekaa chini, Apiyo mapajani. Aliuangalia ule unga ukizunguka taratibu kwenye ndoano.

"Basi uteremshe," akasema. "Watu wapikiwe."

Akauteremsha. Mimi ndiye niliyesonga ugali ule. Khaemba alikula pamoja na wanaume, kidogo, akaaga, akaenda zake na baiskeli.

Giza lilipoingia Milka alijilaza, na kwa uchovu usingizi ukamchukua upesi. Apiyo hakutaka. Nilimlaza katikati ya mkeka, mahali pote pakiwa pake sasa, akanung'unika, akanyoosha mkono kando. Nilimpigapiga mgongo. Mwishowe akajivingirisha hadi ukingoni, pale alipozoea, akaacha ile nafasi ilivyokuwa, akalala.