Uso wa Saa Nne

Saa nne kasorobo mpambaji alikuwa bado anahangaika na weusi chini ya macho ya dada yake, na weusi ulikuwa unamshinda. Alishapamba maharusi, watangazaji wa televisheni, hata mbunge mmoja mwenye chunusi na hasira za karibu, lakini mkono haukuwahi kumtetemeka namna hii.

"Tulia basi."

"Mimi nimetulia. Anayetetemeka ni wewe."

Dada alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni. Figo zilimlaza hospitali wiki tatu, na siku nne tangu atoke uso wake ulikuwa bado rangi ya majivu. Mama yao hakujua lolote. Naye alikuwa amelazwa mji mwingine akisubiri kupasuliwa moyo, na wanawe walikubaliana wasimwongezee mzigo. Dada akawa anamtumia sauti za kurekodi tu, akisingizia kwamba kamera ya simu imeharibika. Mama alivumilia mpaka jana, alipomwambia daktari kwamba haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwona kifungua mimba wake kwa macho. Upasuaji ulipangwa saa tano. Nafasi hiyo ikipotea, alisema daktari, nyingine ni baada ya miezi miwili, na moyo ule hauna miezi miwili.

Wangepigiana video saa nne kamili.

Mpambaji alipaka konsila ya rangi ya chungwa kuua weusi, juu yake fondesheni nyembamba, akaigongagonga kwa sponji. Poda aliweka kidogo sana, maana ikizidi, mbele ya taa mtu anageuka maiti, na maiti asubuhi ile hakuna aliyemhitaji. Mashavuni alizidisha wekundu.

"Mbona kama nimepigwa makofi?"

"Achana na kioo. Kamera inakula rangi."

Hayo yote alijifunzia usoni kwa mama. Miaka ile hakuwa na mteja hata wa kusingizia, na mama akitoka kazini alimwachia uso wake, akasinzia, kisha akajitazama na kumtajia kasoro moja moja bila huruma.

Akamfunga dada mtandio, akamgeuza kuelekea dirishani, akaegemeza simu kwenye vitabu usawa wa macho, akarekodi sekunde kumi. Wakaitazama pamoja. Dada alikuwa mzima, tena mzuri. Midomo ikaanza kumcheza.

"Ukilia nakuua," mpambaji alisema.

Simu ikaita. Ikatangulia pua ya mjomba, aliyekuwa anamuuguza mama, kisha akaigeuza simu, na mama akaonekana ndani ya gauni la hospitali, mdogo kuliko walivyomzoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umependeza. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nimejipodoa kwa ajili yako."

Mama akasogeza uso karibu na simu. Alitazama tu. Jasho likaanza kumtoka dada, na bila kufikiri akausukuma mtandio nyuma. Mpambaji, aliyesimama nyuma ya simu, aliona kosa lake. Alikuwa amepaka kila kilichoingia kwenye picha ya majaribio, na kwenye majaribio masikio yalikuwa ndani ya mtandio. Sasa yalikuwa nje, ya kijivu, pembeni ya uso wenye afya tele, kama ya kuazima.

"Mwite mdogo wako," mama alisema.

Mpambaji akaingia kwenye picha.

"Mara ngapi nimekwambia usisahau masikio?"

Mpambaji akanyoosha mkono kuyafunika kwa mtandio.

"Mfute."

"Mama, upasuaji..."

"Mfute nimwone mwanangu."

Mjomba alianza habari za daktari, akanyamazishwa kwa mkono. Mpambaji akachukua pamba. Akaanza na paji la uso, akashuka mashavuni, na kila alipopitisha pamba afya ilitoka nayo. Alipomaliza, dada alibaki mgonjwa, tena mwenye michirizi ya wanja. Mpambaji aliogopa kuitazama simu. Aliona amemuua mama yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni nini?" mama aliuliza.

"Figo, mama. Lakini nimeshatoka hospitali. Nakunywa dawa."

Mama akashusha pumzi na kufuta macho kwa ncha ya shuka.

"Wiki tatu mnanitumia sauti. Nilijua umeshakufa, zile ni za zamani. Sikutaka nipasuliwe, nipone, halafu ndiyo niambiwe."

Akamgeukia mjomba. "Waite manesi." Kisha akarudi kwa mpambaji. "Na wewe, mpake mafuta midomoni. Imekauka."

Simu ikakatika. Mpambaji aliziacha rangi zake zote mezani, akatafuta mafuta ya kawaida, akampaka dada midomo. Mkono ulikuwa umeshatulia, basi akampaka na masikio.