Rimoti ya Mkono wa Kushoto

Mkubwa aliiweka rimoti kwenye kiganja cha kushoto cha mama yake, kisha akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, kama mtu anayemfumbatisha mtoto peremende.

"Haya, Mama," alisema kwa sauti ya juu, ingawa masikio ya mama yake hayakuwa na kasoro yoyote. "Ukiielekeza pale, mshale unakwenda. Ukitaka kuchagua, bonyeza hapa. Ukipotea usihangaike, mimi nitakuwekea kutoka kazini."

Akatoa simu mfukoni, akaigusa mara moja. Kwenye runinga, kundi la swala waliokuwa wakivuka mto likatoweka na kwaya ikaanza kuimba. Mkubwa akatabasamu. Mama yake aliitazama kwaya, akaitazama ile simu, akakitazama kidude chepesi cheusi kilicholala mkononi mwake, akaelewa. Amepewa usukani wa gari linaloendeshwa na mtu mwingine.

Mama huyu alikuwa ameketi miaka ishirini na minane mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa, akiunganisha watu kwa simu: daktari na maabara, wodi na chumba cha maiti, mzazi aliyejifungua salama na mume aliyekuwa safarini. Waliomjua kwa sauti walikuwa wengi kuliko waliomjua kwa sura. Sokoni, akiuliza bei ya vitunguu, watu waligeuka. Wakampa jina la Opereta, likamganda kiasi kwamba hata wanawe walimwita hivyo wakitaka kumtania. Na kazi ile ilikuwa na mwiko aliofundishwa siku ya kwanza: opereta huunganisha, haingilii. Akisikia uongo, ameze mate. Akisikia mtu anaonewa, ameze mate. Aliushika mwiko huo hadi akastaafu nao, akauleta nyumbani pamoja na saa ya ukutani aliyozawadiwa.

Kisha, mwaka mmoja uliopita, asubuhi akiwa anafua, kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ukalala. Mguu ukawa wa kuburuzwa. Ulimi ukawa mzito kama gunia lililolowa. Akili ilibaki palepale, kali kama wembe, ila mlango wa kutokea ulikuwa umejifunga. Sauti pekee aliyoweza kuitoa ilikuwa "mmh", na kila mtu aliitafsiri mmh ile kadiri ya haja yake.

Mkubwa hakuwa mtoto mbaya. Ndiye aliyembeba mgongoni siku ile, akashuka naye ngazi za ghorofa mbili bila kupumzika. Lakini alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, mtu aliyezoea kuinua kibao chekundu magari yakasimama, akiinua cha kijani yakaenda, na hata mapenzi yake yalikuwa ya namna hiyohiyo. Alinunua kompyuta ndogo, akaifunga nyuma ya runinga, akajaza ndani yake nyimbo na filamu alizoona zinamfaa mgonjwa. Kila siku, akiwa katikati ya vumbi la kifusi, aliiendesha runinga ya mama yake kupitia simu. Habari za dunia alizizima, zisije zikampandisha mama presha. Saa tisa kamili alasiri alizima kila kitu, kwa kuwa daktari aliwahi kusema mgonjwa apumzike. Mara nyingi Opereta alibaki akiutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi, filamu ikiwa imekatwa mahali ambapo muuaji alikuwa karibu kutajwa.

Siku moja kompyuta iligoma kabisa. Mkubwa akampigia fundi simu, na Kitindamimba, binti wa mwisho aliyekuwa akiishi na mama yake, akamfungulia mlango kisha akarudi jikoni kuokoa maziwa yaliyokuwa yanataka kufurika.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, begani kabeba mkoba uliojaa bisibisi na nyaya. "Shikamoo, mama," alisema. Kisha akasimama palepale, akangoja.

Opereta alistaajabu. Shikamoo zilikuwa zikimpita kila siku kama magari barabarani. Hakuna iliyokuwa ikisimama kusubiri. Aliinamisha kichwa polepole.

"Nimeambiwa imegoma. Ilianza leo?"

Akatikisa kichwa.

"Jana?"

Akakubali.

Fundi alifanya kazi kimya, akauchomoa waya huu, akaupangusa ule, hadi runinga ikawaka. Alipoirudisha rimoti mkononi mwa mwenyewe aliona jinsi kidole gumba kilivyoishika: kilitua juu ya kitufe bila kutafuta, kama kidole cha mtu aliyeishi na vitufe. Akavuta kiti.

"Mama, zamani ulikuwa ukiandika?"

Macho ya Opereta yalijaa maji kabla hajajizuia.

"Humu ndani kuna kibodi. Wengi hawajui. Hebu tuifungue."

Alimwonyesha mahali pa kubonyeza. Chini ya skrini zikajipanga herufi zote, kubwa, nyeupe, kama watoto kwenye mstari wa shule. Mshale ulitetemeka, ukapita, ukarudi. Ilichukua muda wa kuchemsha maji ya chai, lakini mwishowe neno likasimama juu ya runinga: marahaba.

Fundi aliishusha miwani machoni, ingawa hakuwa na cha kusoma zaidi ya neno hilo. Kisha akamwonyesha ukurasa mwingine, ulioandikwa juu yake *Vifaa vinavyoruhusiwa*. Chini yake palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema *Rimoti*. Wa pili ulisema *Simu ya Mkubwa*.

"Huu wa pili mimi siwezi kuugusa," fundi alisema, akifunga mkoba wake. "Aliyeniita ni yeye. Lakini sioni ubaya mtu akijua mlango wa nyumba yake uko upande gani."

Tangu siku hiyo Opereta akawa na kazi. Asubuhi, Kitindamimba akishakwenda kwenye maabara ya kituo cha afya alikokuwa akipima damu za watu, yeye aliandika. Aliandika majina ya wodi zote za hospitali kwa mpangilio. Aliandika maneno aliyokuwa ameyameza kwa mwaka mzima, kisha akayafuta. Jirani wa mlango wa pili, mjane mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi, aliyekuwa na ufunguo wa akiba na kazi ya kumchungulia kila baada ya muda, alikuwa mtu wa pili kuisoma runinga ile. Alipiga kofi moja, akakaa chini, na kuanzia hapo wakapiga soga kila asubuhi, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa kidole gumba.

Wanawe hakuwaambia. Alijidanganya kwamba anangoja vidole vipate kasi. Ukweli ni kwamba mwiko ulikuwa bado umemkaba. Ataanzaje kuwakatiza? Ataingilia vipi mazungumzo ambayo, ingawa yalimhusu yeye, hakualikwa?

Kisha jioni moja akamsikia Kitindamimba jikoni, akizungumza na simu kwa sauti ya chini. "Nashukuru sana kwa nafasi hiyo, lakini mwaka mzima masomoni siwezi. Nina mgonjwa." Kimya. "Hapana, hakuna mwingine."

Opereta aliligeuza neno lile usiku na mchana. Hakusema nina mama. Alisema nina mgonjwa. Na hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa uchovu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili iliyofuata Mkubwa aliitisha kikao cha familia. Baba Mdogo, ndugu wa marehemu mume wa Opereta, alikuja na kofia yake mkononi, akaketi karibu na dirisha. Kitindamimba aliketi ukingoni mwa kochi kama mtu aliyepita tu. Opereta alikuwa kwenye kiti chake, rimoti mapajani, runinga ikionyesha mawingu yasiyo na sauti.

"Sitawachosha," alianza Mkubwa. "Hizi ngazi ni hatari. Mdogo wangu kazi imemzidi. Nyuma ya nyumba yangu kuna chumba, nimekipiga rangi, nimeweka vishikizo bafuni. Mwisho wa mwezi namhamisha Mama, nyumba hii tunaifunga."

"Mwenyewe anasemaje?" aliuliza Baba Mdogo.

"Nimemuuliza. Amesema mmh."

"Basi," alisema Baba Mdogo, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi baada ya kushiba. "Kimya ni ridhaa."

Opereta alikumbuka simu zote alizowahi kuzisikiliza kwa sekunde mbili tatu za kuunganisha, sauti za watu wakipangiwa maisha upande wa pili wa waya, na yeye akichomoa plagi yake taratibu asisikike akipumua. Alikuwa akijivunia adabu ile. Leo, kwa mara ya kwanza, aliiona ilivyokuwa. Laini hii ilikuwa yake. Hakuna aliyekuwa akiunganishwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikatwa.

Aliiinua rimoti. Mawingu yakaondoka, herufi zikajipanga. S. I. E.

Kitindamimba aliona kwanza. "Kaka," alisema, "hebu tazama."

"Amekikalia kidude hicho." Mkubwa akaigusa simu yake, kwaya ikalipuka chumbani.

Opereta akaifunga kwaya. Mkubwa akaifungua tena, safari hii bila kutabasamu. Akaifunga. Mkubwa akaweka mpira. Akaufunga mpira. Baba Mdogo aligeuza shingo huku na huko kama mtu anayetazama mchezo wa tenisi, akaivaa kofia yake, akaivua.

Kisha mshale ukaanza safari nyingine. Ulikwenda juu ya skrini, ukakosea njia, ukarudi, ukaufungua ukurasa ambao Mkubwa alikuwa hajauona tangu siku alipouandaa yeye mwenyewe. Wote wanne waliutazama ukishuka, ukitetemeka kama mguu wa mzee kwenye ngazi, hadi ukatua juu ya mstari wa pili. *Simu ya Mkubwa.* Pembeni yake palikuwa na neno *Ondoa*. Kidole gumba kikabonyeza.

*Una hakika?* iliuliza kompyuta.

Mwaka mzima ulikuwa umepita bila mtu wa nyumba ile kumuuliza swali hilo na kulisubiri jibu. Opereta alilitazama kwa muda, si kwa kusita, bali kama mtu anayeonja kitu kitamu kabla ya kukimeza. Akabonyeza *Ndiyo*.

Mkubwa aligusa simu yake. Akaigusa tena. Runinga haikumsikia.

Herufi zikarudi, na sasa hakukuwa na wa kuzifukuza. SIENDI.

Maji yalidondoka jikoni kutoka kwenye bomba ambalo Mkubwa alikuwa ameahidi kulirekebisha.

"Mama," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya juu tena. "Ukianguka?"

Iliwachukua muda kulipata jibu. NIKIANGUKA NITAANGUKA KWANGU.

"Nani atakuokota?"

JIRANI ANA UFUNGUO. NIMEONGEA NAYE.

"Umeongea naye?" Mkubwa alilirudia neno lile kana kwamba lilikuwa la lugha ngeni.

Mshale ulikuwa tayari umeanza mstari mwingine, na huu haukuwa wa Mkubwa. MWANANGU. NENDA UKASOME.

Kitindamimba alijifunika mdomo kwa mkono. "Nani amekwambia, Mama? Sijamwambia mtu yeyote."

OPERETA HUSIKIA.

Baba Mdogo alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikamshinda. "Shemeji, kumbe mwaka mzima tumekuwa tukizungumza mbele ya redio tukidhani imezimwa." Alisimama, akaiinamia rimoti ile kwa heshima ya mtu anayemwamkia mkwe. "Mimi neno langu nimelirudisha. Chakula tu kilinifanya niwe mwepesi wa kukubali."

Aliondoka, na Kitindamimba akamsindikiza hadi chini. Alichelewa kurudi, na kupitia dirishani sauti yake ilisikika akizungumza na simu, haraka haraka, kama mtu anayelikimbilia gari kabla halijaondoka.

Mkubwa alibaki. Alikuwa amekwenda kusimama kwenye roshani, akarudi, akakalia, bila kujua, kile kiti alichokivuta fundi siku ile. Vumbi la barabara lilikuwa limekaa kwenye mikunjo ya shingo yake, hata siku ya Jumapili.

"Siku ile nilipokubeba," alisema, akiitazama mikono yake, "ulikuwa mwepesi kama nguo. Nilidhani umeshakwenda. Tangu siku hiyo nikifumba macho naziona ngazi. Sasa niambie, Mama. Mimi hofu yangu niipeleke wapi?"

Opereta akaielekeza rimoti kwenye runinga. K, aliandika. A.

"Kazini," alisema Mkubwa upesi. "Unataka nirudi kazini?"

Mama yake akazifuta herufi zote mbili, akaanza upya. K. A.

"Kaka? Kalale? Unataka kulala?"

Akazifuta tena. Kidole gumba kilikuwa kimechoka, lakini jicho lake lilikuwa kavu, na lilikuwa limemkazia mwanawe kama zamani alipokuwa mdogo na hataki kunyamaza watu wazima wakizungumza. Aliiteremsha rimoti mapajani. Angekaa hivyo hadi giza liingie kama ingebidi.

Mkubwa alifungua kinywa. Akakifumba. Akakisogeza kiti karibu na runinga, akaweka viwiko juu ya magoti, akangoja.

K, aliandika mama yake. A. Kisha, polepole, herufi ya tatu: A nyingine.