Maumivu ya Dada Thirza

Thirza Haskett alikuwa akikanda unga wa mkate pale mumewe alipoanza kumkata mguu Bwana Tolliver, mwenye kinu cha kusagia mahindi. Akaacha unga, akachukua ukanda wa ngozi uliotundikwa karibu na jiko, akauuma, akashika ukingo wa meza. Msumeno ulipofika kwenye mfupa, alipiga magoti. Ghorofani Tolliver alikuwa akilalamikia mvua na kusifu farasi wake. Kazi ilipokwisha Thirza alinawa uso, akarudi kwenye unga wake. Mkate ule uliumuka vizuri.

Hivyo ndivyo Daktari Lemuel Haskett alivyopata jina. Miaka ile dawa ya usingizi ilikuwa bado haijafika Indiana, wala kwingine kokote. Mgonjwa wa kupasuliwa alinyweshwa wiski, akashikwa na wanaume wenye nguvu, na mara nyingi akafa papo hapo kwa uchungu. Wagonjwa wa Haskett walilala wakipiga soga. Kwa kuwa hawakufurukuta, aliweza kukata polepole na kushona kwa nafasi, na akathubutu mambo ambayo madaktari wenzake waliyaogopa: alifungua matumbo, akatoa uvimbe mkubwa kama boga, akafunga, na mtu akarudi shambani kwake. Wakubwa wa kazi hiyo walikuja kwa farasi kutoka Filadelfia kumtazama. Wakamuuliza siri yake.

“Mkono mwepesi,” akawaambia.

Thirza aliyekuwa akiwapakulia viazi alisikia. Maneno hayo yalimuuma kuliko msumeno wowote, na maumivu haya hayakuwa ya mtu mwingine, yalikuwa yake.

Maana siri ilikuwa yeye, na mji mzima ulijua. Jambo lilianza kwa Permelia, dada yake mkubwa, alipootwa na uvimbe tumboni. Wabaptisti wa pale walikuwa na mkutano wao wa Jumamosi wa kukata mashauri, na Jumamosi hiyo Mchungaji Crume aliuliza ni nani atakayembebea dada yetu mzigo wake. Thirza akasimama. Waumini wote wakainua mikono kukubali, na maumivu yakasikia. Njiani kurudi nyumbani, Daktari alimshika mkono mkewe akamwambia ni mara hii tu. Siku Permelia alipopasuliwa, Thirza alilia jikoni kutwa nzima. Permelia akapona, akanenepa, akaolewa tena.

Haukupita muda, Thirza akiwa na wanawake wenzake wakishona blanketi la viraka, kisu kikampita chini ya kwapa. Alimfikiria Bibi Sprague, ambaye hakuonekana siku hiyo, akajua.

“Daktari, tulisema mara moja,” alimwambia mumewe jioni.

“Nilitaka kukuambia, mke wangu. Nikakuta umeshatoka.” Akaomba chumvi.

Kwa desturi ya kanisa lile, jambo lililopitishwa kwa mikono yote haliondolewi ila kwa mikono yote. Maumivu, yawe yametoka kwa Mungu au kwingineko, yaliifuata desturi hiyo kwa uaminifu kuliko waumini wengi. Aliyepasuliwa na Haskett hakusikia kitu, awe wa pale au mgeni. Thirza alijaribu kuyakataa kwa sala, kisha kwa matusi. Yakaja vile vile.

Watu wakazoea. Kwenye blanketi la viraka, mmoja akimwona anakunja uso alisema, “Mpokeeni sindano, anakatwa,” na mwingine akadakia, “Mwambie mumeo angoje tumalize kona hii, jamani!” Wakacheka, na miaka ya mwanzo Thirza naye alicheka. Kila aliyepona alimletea andazi kubwa la tufaha. Hakuna aliyemwomba radhi. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na nguruwe huyu alikuwa mpole na alipika vizuri.

Baada ya mguu wa Tolliver, Thirza aliona hawezi tena. Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi ya mashauri, alisimama kanisani akaomba afunguliwe.

Mchungaji Crume aliuliza ni nani anakubali, na wa kwanza kuinua mkono alikuwa Daktari mwenyewe. Aliuinua juu kabisa. Thirza alimtazama, na kwa muda mfupi akampenda kama siku ya harusi. Kisha ukaja wa Tolliver, aliyeegemea gongo lake jipya. Ukaja wa Bibi Sprague. Ikawa safu baada ya safu, wengine wakiinua huku wametazama sakafu, maana ni rahisi kuwa mwema ukishapona. Mwishowe ukabaki mkono mmoja.

“Dada Permelia?” akauliza Mchungaji.

Permelia alikuwa akizikunja na kuzikunjua kamba za kofia yake.

“Dada, inua mkono,” Thirza akasema.

“Umerudi, Thirza.”

“Nini kimerudi?”

“Uvimbe. Daktari aliushika Alhamisi. Amenipangia Jumatatu.”

Thirza akageuka kumtazama mumewe. Mkono wake ulikuwa bado juu, umetulia, mkono wa mtu aliyejua tangu Alhamisi kwamba hautahesabiwa.

“Mimi nilisimama kwa ajili yako,” Thirza akamwambia dadaye. “Wengine sikuwaomba. Wewe nilikubebea kwa hiari yangu.”

“Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.”

“Shauri limeanguka,” Mchungaji akasema, wakaimba wimbo wa kufunga.

Permelia alifika Jumatatu asubuhi na kopo la jamu ya plamu. Akambusu Thirza mashavu yote mawili.

“Umekula? Kula kwanza, usije ukaanguka.”

“Nimekula.”

“Haya, jikaze. Daktari anasema safari hii umeshika mbali kidogo.” Akapanda ngazi akishikilia tumbo lake.

Thirza aliufunika unga kwa kitambaa inzi wasije wakatua juu yake. Akaiweka jamu kabatini, akavuta kiti, akachukua ukanda. Ulikuwa umeliwa katikati na meno yake ya miaka yote hiyo, akautafutia mahali pazima. Juu yake mbao za sakafu zililia chini ya viatu vya Daktari. Permelia alikuwa akieleza habari za kuku wake, jinsi jogoo alivyofukuzwa na bata, akicheka mwenyewe.

Kisu kikaingia.

“Thirza!” sauti ya dada yake ikapita kati ya mbao, ya furaha kabisa. “Ameshaanza? Mbona mimi sisikii kitu!”

Thirza hakuweza kujibu, kwa sababu ya ukanda.